Msahafu wa Baba na Sahihi Isiyo Yangu

Baba yangu alikuwa mwandishi wa misahafu kule Unguja. Matajiri walimwagiza, akawaandikia, wakaichukua. Msahafu mmoja tu haukuagizwa na mtu. Aliuanza mwaka nilioanza mimi kushika kalamu, na ulipita muda mrefu kabla hajaumaliza, kwa sababu aliuandika pale tu alipopata nafasi kati ya kazi za watu. Mimi ndiye niliyemkorogea wino. Ukurasa wa mwisho aliandika kwamba msahafu huu ni wa binti yake, akataja jina langu na la mama yangu, na kwamba hauuzwi wala hautolewi.

Alipofariki nilikuwa nimekwishaolewa Bagamoyo. Mume wangu alikuwa wa ukoo wa Kiarabu kama wetu, na kazi yake ilikuwa kuiandalia vitu misafara inayokwenda bara: nguo, shanga, nyaya za shaba. Nyumbani kwetu wanawake hatukutoka ila kwa harusi na msiba. Kila neno nililotaka kulipeleka nje ya mlango lilipita kinywani mwa mume wangu, na kila neno lililokuja kwangu lilipita humo humo. Nilidhani ndivyo ulimwengu ulivyo.

Siku moja akaniambia, "Kaka yako anakusalimu. Anautia msahafu wa baba yenu jalada jipya, ukiwa tayari atakuletea." Nikafurahi mno. Nikasafisha rafu ya ukutani, nikatandika kitambaa cha hariri, nikangoja.

Nilingoja mpaka mvua za vuli zikaja zikapita. Badala ya msahafu ikaja barua ya kaka, mkononi mwa mwanamke wa Unguja aliyekuja harusini, na ilikuwa barua ya mtu aliyeudhika. "Umepokea amana ya baba yetu, umetia sahihi, na hata neno la shukrani hukunitumia. Nilidhani tumekulea vizuri kuliko hivi." Ndani ya barua aliweka stakabadhi yenyewe, ile karatasi ya kupokelea mzigo, iliyorudishwa kwake na karani wa tajiri aliyekuwa akipokea mizigo ya Unguja pale forodhani. Chini yake palikuwa na jina langu.

Sikuliandika mimi. Sikuhitaji kulitazama mara mbili. Aliyeandika alikuwa amelikandamiza kama mtu anayekata kuni, na wino ulikuwa umemwagika mkiani mwa herufi ya mwisho. Baba angeniona naandika hivyo angenipokonya kalamu.

Nilimwonyesha mume wangu alipoingia kula. Alikisoma kile kikaratasi, akakirudisha.

"Karani huyo mwizi," akasema. "Niachie mimi."

Nikamwachia. Alirudi na habari kwamba karani ameshikilia neno lake: mzigo kaupeleka, kampa mwenyewe mkononi, na sahihi ni ya mwenyewe. Nikamwambia, "Basi mlete hapa asimame nje ya pazia, aniambie mimi." Akasema si heshima. Nikamwambia twende kwa kadhi. Akasema kadhi atataka niandike jina langu mbele ya wanaume, na je, niko radhi mwandiko wangu uchezewe barazani? Kisha akasema neno ambalo mpaka leo sijalisahau. Alisema, "Na msahafu ni msahafu. Siku hizi inakuja ya chapa kutoka Bombay, mizuri sana. Nitakununulia."

Nilinyanyuka nikaenda uani, nikatwanga mpunga ambao haikuwa kazi yangu kuutwanga.

Wiki zile nilimlaani karani yule katika kila sala. Nilisikia kwamba tajiri wake amemfukuza kazi kwa malalamiko ya mume wangu, na kwamba sasa anabeba magunia pwani, yeye mwenye wake na watoto. Nikasema moyoni, na bado. Lakini hasira yangu haikutulia, kwani msahafu haukurudi, na kaka hakuniamini. Nilimwandikia kwa njia ile ile kwamba sikupokea kitu. Akajibu kwamba alimwagiza karani asimpe mtu yeyote ila mimi, nami nitie sahihi mwenyewe, na karani yule anamjua tangu utotoni, si mtu wa kusema uongo. Mwisho akaandika: "Muulize vizuri."

Nitamuuliza vipi, na mdomo wangu uko kwa mtu mwingine?

Basi nikatoka. Mume wangu alikuwa amesafiri kwenda Saadani kwa shughuli zake. Niliyefuatana naye alikuwa mama mmoja aliyenilea tangu nachukuliwa mgongoni, mtumwa wa mama yangu aliyeachwa huru, aliyekuja nami Bagamoyo kwa hiari yake. Nilivaa barakoa ya kuficha uso na nguo ya kujifunika mpaka chini, tukashuka pwani mchana kweupe. Watu walitupisha njia. Mlezi wangu akamwita karani pembeni, kwenye kivuli cha ukuta wa forodha. Alikuja na vumbi la magunia mabegani.

Nikamwambia mimi ni nani. Akainamisha macho, lakini sauti yake ilikuwa kali.

"Bibi, umenifukuzisha kazi. Unataka nini tena?"

"Nataka uniambie mzigo wangu ulimpa nani."

"Nilikupa wewe."

"Wapi?"

Akaniinulia macho kama anayeulizwa na mwendawazimu. "Mbegani, bibi. Nyumbani kwako kwa shamba. Bwana ndiye aliyenielekeza. Alisema siku zile ulikuwa unakaa huko kwa ajili ya hewa."

Mimi sikuwa na nyumba Mbegani. Mimi Mbegani sikuijua hata njia yake.

Mlezi wangu akanishika mkono. Nikamwambia karani aendelee. Akasema alibisha hodi, sauti ya mwanamke ikaitika kutoka ndani, mkono ukatokea mlangoni ukapokea mzigo na stakabadhi, na baada ya kitambo mkono ule ule ukarudisha stakabadhi ikiwa na sahihi. Uso hakuuona, na asingethubutu kuutaka. "Nilijuaje, bibi? Mume wa mtu amesema mkewe yuko pale. Ningembishia?"

"Hapana," nikasema. "Usingeweza."

Kesho yake alfajiri tukakodi punda wawili, tukaifuata njia ya pwani kupitia Kaole. Njia nzima mlezi wangu alinisihi turudi. "Mwanangu, mengine heri usiyaone." Sikumsikiliza. Kadiri tulivyokwenda ndivyo hasira ilivyonikaza, mpaka nikahisi meno yananiuma.

Nyumba haikuwa ngumu kuiona. Ilikuwa mpya, ya udongo na chokaa, na mlango wake ulikuwa wa mbao za nakshi tulizoagiza kwa nyumba yetu, ambazo mume wangu aliniambia zimezama na mashua. Aliyefungua alikuwa msichana, mdogo kwangu kwa miaka mingi, na alikuwa na mimba.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Mumeo yuko?"

"Kaenda Saadani." Akaangalia barakoa yangu, akaangalia viatu vyangu, akaelewa. Akarudi nyuma hatua moja. "Wewe ndiye bibi mkubwa."

"Ulijua kwamba nipo?"

"Nilijua. Alisema wewe unajua pia, na umeridhia."

Nilikuwa nimekuja na maneno mengi mabaya. Nilikuwa nimeyapanga juu ya punda kama mtu anavyopanga mawe. Nikamtazama pale, amejishika tumbo, sikuona wa kumtupia. Akatukaribisha ndani, akatuletea maji. Nikamtolea ile stakabadhi.

"Hii uliitia sahihi wewe?"

"Mimi sijui kuandika, bibi. Yeye ndiye aliyeandika, amekaa hapo hapo kitandani. Alimwomba baba yangu kalamu, baba anasomesha watoto Kurani chuoni. Aliniambia niitikie hodi, nitoe mkono tu, nisiseme neno lingine."

"Na msahafu?"

"Nilidhani ni zawadi ya kumpa baba yangu. Baba akaufungua, akasoma nyuma, akasema kuna mwanamke ndiye mwenyewe, yeye hawezi hata kuusoma. Akamwambia aurudishe. Akaondoka nao, akaapa anaupeleka kwako."

Nikauliza aliupeleka wapi. Akasita, kisha akasema alichosikia: kulikuwa na mkuu wa msafara mkubwa, mtu anayeogopwa na kuheshimiwa, na mume wetu alikuwa akitafuta jinsi ya kuingizwa katika biashara yake ya pembe za ndovu. Mtu yule alipenda vitabu vilivyoandikwa kwa mkono.

Niliporudi sikulia. Nilituma mtu mbio aufuate msafara. Aliupata ukiwa umeshapita Vigwaza. Jibu aliloniletea lilikuwa kwamba zawadi iliyotolewa na muungwana hairudishwi, na kwamba bwana yule ananiombea heri. Ananiombea heri, na baba yangu yumo ndani ya sanduku lake!

Mume wangu alipofika nyumbani nilikuwa nimekaa barazani, mahali pa wanaume, bila pazia. Alisimama ngazini.

"Ingia ndani. Watu wanakuona."

"Waache waone. Msahafu wangu umempa nani?"

Alikana kidogo, kisha akachoka kukana. Akasema amefanya kwa ajili ya nyumba hii, kwamba pembe zikirudi nitavaa dhahabu mpaka shingo iniume, kwamba cha mke na cha mume ni kimoja. Kuhusu Mbegani akasema sheria imempa ruhusa.

"Sheria imekupa ruhusa ya kuoa," nikamwambia. "Imekupa wapi ruhusa ya kuwa mimi? Umechukua jina langu ukaliandika kwa mkono wako. Na mtu asiye na kosa anabeba magunia."

"Punguza sauti."

Sikuipunguza. Niliipeleka sauti ile ile kwa kadhi, mlezi wangu upande mmoja na karani upande wa pili. Kadhi akataka niandike jina langu. Nikaandika, mbele ya wanaume wote wa baraza. Mume wangu alipoona karatasi mbili zimewekwa pamoja, akasimama akanitaliki pale pale kwa hasira, kana kwamba yeye ndiye aliyedhulumiwa. Kadhi akamwamuru aurudishe msahafu ama alipe thamani yake. Nikasema thamani yake siitaki, atafute msahafu. Hakuutafuta.

Tajiri alimrudisha karani kazini. Yule msichana wa Mbegani alijifungua salama, akabaki na mume yule. Sikumlaumu, angekwenda wapi? Mimi na mlezi wangu tulivuka kwenda Unguja kwa kaka, ambaye alinipokea bandarini na hakuweza kunitazama usoni kwa aibu ya ile barua yake. Haukupita muda Wajerumani wakaja na pwani ikawaka vita, njia za misafara zikafungwa, na habari za mtu yule wa pembe nikazikosa kabisa. Huenda msahafu uko Unyanyembe, huko bara. Huenda umechomwa na nyumba ya mtu. Sijui, na kutojua huku ndiko kunakonila.

Aliyekuwa mume wangu alikufa miaka mingi baadaye. Ndugu zake walituma mtu kuniomba nimsamehe ili apumzike. Nilimkaribisha mjumbe, nikampa kahawa na tende, nikamsomea marehemu Fatiha kama inavyopasa kwa Mwislamu. Kisha nikamwambia arudi akawaambie kwamba dua nimetoa, lakini msamaha sina.