Karoti za Mtoni

Nilikuwa nalima karoti na saladi Morotonga, kwenye kipande cha shamba nyuma ya nyumba. Kila Jumanne mnunuzi wa hoteli moja ya watalii upande wa Ikoma alipita na gari kuzichukua. Samadi niliiacha ioze miezi mingi kabla ya kuitia shambani, na karoti niliziosha kwa maji ya kisima changu, ndoo kwa ndoo. Binti yangu aliwahi kulazwa kwa kuhara, na nesi akanionya kuhusu vitu vinavyoliwa vibichi.

Siku moja yule mnunuzi, kijana tu, akazigeuzageuza karoti zangu.

"Mama, hizi bado zina udongo. Za jirani yako zinang'aa."

Ziling'aa kweli. Jirani yangu alizisugua mtoni, pale ng'ombe wa kijiji kizima wanaponywea na kujisaidia. Nilimwambia hivyo. Akacheka, akapakia za jirani.

Baada ya wiki chache gari likarudi, na siku hiyo haikuwa Jumanne. Kijana alikuja na msimamizi wa jiko, mwanamke aliyeingia uani kwangu bila hata hodi.

"Wageni wetu wanaharisha," akasema. "Tunataka kuona mnavyoosha mboga hapa kijijini."

Nikawaonyesha kisima, ndoo na kichanja cha kuanikia. Kisha nikawapeleka mtoni. Jirani yangu alikuwa ndani ya maji mpaka magotini, anasugua karoti. Juu kidogo ya mto ng'ombe walikuwa wanavuka, na kinyesi kinateremka na maji. Msimamizi akaziba pua. Kijana akainamisha kichwa.

"Pampu ya kijiji imekufa tangu mwaka juzi," jirani akasema. "Mlitaka nioshee wapi?"

Hapo ndipo hasira yangu ilipopanda, na haikuwa juu ya jirani. Nikamwambia yule msimamizi kwamba watoto wetu wanaharisha kila masika kwa maji hayohayo, na sijawahi kuona gari likija kuuliza.

"Hayo ni ya serikali," akajibu, akarudi garini.

Hawakununua tena, si kwake, si kwangu. Nasikia mboga zao sasa zinatoka Arusha. Hakuna aliyerudi kuniambia kwamba zangu hazikuwa na kosa. Jirani nimemruhusu achote kisimani kwangu, ingawa kiangazi maji hayatutoshi wawili, na tunauza soko la Mugumu. Pampu haijatengenezwa mpaka leo.