Chai ya Kamati ya Amani

Sijawahi kupenda kuitwa "mama wa amani". Jina hilo nilipewa na wanaume wa kamati ya amani ya kwetu Bahati, na maana yake, nilikuja kujua, ni mama wa kupika chai.

Tulikuwa wanawake wanne kwenye kamati, sababu sheria inataka tuwepo. Mkutano ukianza tunapangwa mbele na leso mpya, tunapigwa picha, halafu mwenyekiti anapiga makofi: "Akina mama, chai!" Siku hiyo wageni walikuwa wametoka mjini kuchukua ripoti yetu, na mimi nilikuwa na neno langu. Tangu fujo za siasa zianze, vijana walikuwa wanawavizia wasichana kwenye njia ya kisima, na wiki iliyopita walimshika binti yangu wa kidato cha tatu, wakamrarulia sweta. Alijinasua kwa kumng'ata mmoja mkono. Nilimwambia mwenyekiti kamati iandike kwenye ripoti kwamba polisi wapige doria pale. Basi.

Nikiwa jikoni napuliza moto, nikamsikia mwenyekiti kupitia mabati: "Hiyo ya njia ya kisima ni mambo ya nyumbani. Wazazi wawafungie wasichana wao ndani." Wakacheka. Wueh! Nikamwaga maziwa kwa hasira.

Sasa, mwenyekiti wetu alikuwa na ujanja wake: daftari la mahudhurio halitoki mpaka chai inywewe, ili watu wasitoroke. Alipolileta jikoni pamoja na ripoti, nilikuwa nimeshawaambia wanawake wenzangu: hakuna kuweka sahihi.

"Mama, weka sahihi. Bila nyinyi ripoti itarudishwa."

"Najua. Andika kwanza njia ya kisima."

"Unaleta siasa hapa."

"Naleta mtoto wangu. Wako ni wavulana, ndiyo maana unalala usingizi."

Akanikodolea macho. Nje, wale wageni wa mjini walikuwa wameshawasha gari wakingoja hiyo ripoti. Akaandika "usalama wa jamii". Nikamwambia, "Kata. Andika wasichana." Nilisimama nyuma yake mpaka nukta ya mwisho, ndipo tukatia sahihi. Chai iliyobaki ilikuwa imepoa, akaomba nimpashie. Nikamwonyesha kuni.

Jumatatu askari wawili walisimama kisimani, wanaangalia simu. Binti yangu akachukua mtungi wake, akaniambia, "Mum, si sasa kuko sawa?" Nikamwambia kuko sawa. Halafu nikachukua panga nikamfuata.