Siku Nilipofuturisha Mbeya kwa Saa za Iringa

Ndugu zangu, msicheke kwanza, maana aibu hii bado ina moto, na nikipita mbele ya msikiti wetu hapa mtaa wa Soweto, Mbeya, naangalia chini kama natafuta sindano.

Namshukuru Mungu, uzeeni kanipa kazi isiyo na mshahara ninayoipenda: kuna programu ya simu ya nyakati za swala, ya bure, inatengenezwa na watu wa kujitolea, na mimi fungu langu ni kusoma malalamiko ya Kiswahili, nikiona hitilafu ya kweli nawapelekea vijana wanaojua kuirekebisha (mimi hata mlio wa simu nabadilishiwa). Sasa malalamiko yenyewe! Mtu anaandika "mbovu", basi. Mwingine anatuma picha ya kidole chake. Nilivumilia, lakini siku moja ya Ramadhani nikiwa kwa binti yangu Mlandege, Iringa, kichwa kinauma, likaingia la Mama Shija, wa wafugaji wa Usangu, huku kwetu Mbeya: "Adhana siyo ya huku." Hayo tu. Badala ya kumuuliza, nikamjibu mbele ya wote, "Mama, taarifa haijitoshelezi," nikaifunga isishughulikiwe.

Kesho yake nikarudi Mbeya, bando la intaneti limeniishia njiani, Makambako, nikaenda msikitini moja kwa moja, mawingu yametanda, jua halionekani, na mwadhini wetu Salumu akauliza kama kawaida, "Mzee, simu inasemaje?" (Wananiamini kwa sababu ya ile kazi.) Nikasema muda umeingia. Akaadhini kwa kipaza sauti, mtaa mzima ukafuturu, nami natafuna tende huku nasubiri misikiti mingine iitikie. Kimya. Nikatazama simu vizuri: juu imeandikwa Iringa, ambako jua huzama mapema kuliko kwetu! Bila bando, ilikuwa imebaki kule nilikotoka.

"Temeni!" nikapiga kelele.

"Sheikh," akasema Hamisi, fundi baiskeli, "sambusa yangu imeshavuka Makambako, nairudishaje?"

Salumu alitaka kutangaza, nikamzuia, nikashika kipaza sauti mwenyewe: jua bado, mwenye kosa ni mimi, siku hii tutailipa. Wengi walicheka. Lakini upande wa wanawake Bi Tatu, mgonjwa, mkubwa hata kwangu, aliyejikaza kufunga siku ile, alilia, na kilio kile ndicho kilichonichoma.

Asubuhi nikamwandikia Mama Shija: "Nisamehe. Siku ile ulikuwa umetoka wapi?"

"Iringa, babu, kumuuguza dada. Niliporudi nilifuturu kabla ya jua kuzama, nikaona niwaambie wenzangu wasije wakaharibikiwa kama mimi. Kuandika sijui sana."

Nikalifungua upya lalamiko lake, vijana wakarekebisha, sasa programu ikikosa mtandao inauliza kama bado uko mji uleule. Nami nimeapa: silifungi tena neno la mtu, hata liwe fupi vipi, kabla sijamuuliza yuko wapi na kimemkuta nini.

Baada ya Idi tuliilipa siku ile pamoja, uani kwangu. Bi Tatu tulimsihi asifunge, akakataa, akaletwa, akakaa kando yangu. Adhana ikalia, watu wote wakanitazama (Hamisi akiwa ameishika sambusa hewani), nami mkono hauinuki.

"Kula, mwanangu," akasema Bi Tatu. "Ukila wewe, nami nakula."