Pete ya Taa Isiyofanana

Karakana yangu iko mtaa wa Kamalondo, na kazi yangu ni kuchovya vyuma kwenye kromu mpaka ving'ae. Tangu mke wangu afariki, kuna siku nafunga mlango jioni bila kuzungumza na mtu yeyote.

Basi Mama Odette aliponiletea pete ya taa, ule mduara wa chuma unaozunguka taa ya mbele, ya gari kuukuu la marehemu baba yake, nilifurahi kupita kiasi. Alitaka ifanane na pete ya taa ya pili. Nikaichovya, ikang'aa kama kioo. Kesho yake akarudi.

"Papa Léon, haifanane."

Nikaichovya upya. Akarudi tena na maneno yale yale.

Nikajiambia: kromu ni kromu, huyu mama anatafuta sababu ya kuja. Mjinga mimi! Nikanyoa ndevu, nikavaa suti ya harusi yangu, nikapanga viti viwili na chupa mbili za sucré, soda baridi.

Alipoingia sikumwachia nafasi ya kusema.

"Mama Odette, pete iko muzuri. Unakuyaka kuona miye, hapana pete. Na miye niko peke yangu."

Alinitazama kwa huruma, afadhali angecheka. Akatoa kwenye kikapu chake ile pete ya pili, ambayo sikuwahi hata kuomba kuiona, akaiweka kando ya yangu. Yangu ilikuwa nyeupe, karibu na buluu. Ile ya zamani ilikuwa na umanjano wa nikeli, madini yaliyopakwa magari kabla ya kromu. Haikuwahi kuguswa na kromu.

"Papa Léon," akasema kwa upole, "ni hii tu ndio ilikuwa inanileta."