Neno Kimarcella Lilikotoka

Marcella Igandu binti Njagi, mjukuu wa Mugendi. Mugendi ndiye aliyefyeka msitu huku juu ya Kianjokoma. Njagi alichimba matuta ya kuzuia udongo, akisimamiwa na kiboko cha mzungu. Uhuru ulipokuja akayavunja yote kwa furaha, na majirani hivyo hivyo. Mvua iliyofuata ikateremsha udongo wetu mwekundu hadi kwa Muturi, anayepakana nasi upande wa chini. Waliovunja walikuwa bado wanaimba. Marcella, msichana tu, ndiye aliyeona mawe yakitokeza.

Basi akaanza kuupandisha ule udongo, karai kichwani, kila mvua ikikatika. Mimi niliolewa na kaka yake nikamkuta mlimani. Mvua ikiushusha tena, anaanza tena. Wanaume wa sokoni wakapata mchezo, kila kazi bure wakaiita kimarcella. Ukimtafutia mlevi kibarua, hiyo ni kimarcella. Ukimshauri chifu, kimarcella. Hata alipokwisha kuyajenga matuta upya na mahindi yakasimama, neno lilibaki. Watu wakishacheka hawageuki kuangalia mahindi.

Mwaka jana wageni walitoka Kaaga kuleta mahari ya binti yangu Karimi. Shamba lile la juu litakuwa lake, kwa maana Marcella hakuzaa. Ishmael, mwana wa Muturi yule wa chini, aliyekuwa akiendesha sherehe, akawatania wageni kwamba kubishana nasi juu ya mbuzi ni kimarcella. Mama mmoja wa Kaaga akauliza maana yake. Ishmael akaeleza kwamba zamani palikuwa na mwanamke hapa, kichwa hakikutulia, akitaka kuhamisha mlima.

Marcella alikuwa kando yangu, sahani ya mukimo magotini.

"Ishmael, huyo mwanamke hajafa," akasema. "Na ndizi zilizokunenepesha ziliota kwenye udongo wa babangu. Hizo hukusema ni kazi bure."

Hema zima lilicheka. Karimi naye alicheka, mkono mdomoni, na Marcella akamwona. Hakumaliza chakula.

Wageni walipoondoka alimwita Karimi jikoni, naye akaja na viatu vyake vya visigino virefu.

"Tata, ule ni utani tu," Karimi akamwambia shangazi yake.

"Utani umenila tangu nikiwa msichana. Sasa sikiza. Siku ya kunizika, udongo utakaobaki kando ya kaburi hao wanaocheka watausukuma chini, wawahi chakula. Wewe uupandishe hadi shamba la juu, wote. Na viatu vya namna hiyo uvivue, havipandi."