Mialisoa, anayekula kwa kuwaombea wengine radhi

Saa tatu asubuhi, baridi ya Julai bado imeukamata mji wa Antsirabe, Madagaska, na Mialisoa Ravelonarivo amesimama nje ya lango la watu asiowajua, midomo yake ikitembea bila sauti. Amejitanda shuka jeupe begani, kama inavyompasa msemaji.

Nyuma yake wamejipanga jamaa wa bwana harusi, wamependeza, wamenyamaza. Hawawezi kuingia mpaka wakaribishwe, na hakuna wa kuwakaribisha mpaka yeye aseme.

"Umekunywa chai, mwanangu?" anamuuliza Bwana Solofo, mjomba wa bwana harusi, ambaye ndiye aliyemkodi.

"Haipiti, mzee."

"Basi usije ukatuangukia huko ndani. Nimeshawatangazia watu kwamba nimeleta msomi."

Maneno hayo hayamsaidii hata kidogo.

Mialisoa ana miaka ishirini na tisa na shahada ya fasihi ya Kimalagasi. Tangu utotoni alikuwa akisoma kila kilichoandikwa, hata karatasi za kufungia karanga. Alipomaliza chuo, majirani walimpongeza wiki moja, kisha wakaanza kuuliza swali ambalo hajaacha kulisikia mpaka leo: sasa hiyo fasihi inaliwa na nini?

Amejaribu kulijibu. Alifundisha shule moja ya binafsi ambako mshahara ulikuja ulipojisikia. Alisahihisha makosa ya chapa katika gazeti, gazeti likafungwa. Hadi sasa, jioni mbili kwa wiki, anasoma matangazo ya vifo katika redio ya mjini, kazi anayoifanya kwa sauti nzuri mno hivi kwamba wazee wawili wameshamwekea oda mapema.

Wenzake wa chuo nao wametawanyika. Mmoja anauza matairi. Mwingine yuko jiji kuu, Antananarivo, katika kampuni ya kupokea simu za wateja wa Ufaransa, na analipwa vizuri.

"Ananiambia, nimesoma mashairi miaka minne ili nimwambie mtu wa Lyon achomoe waya halafu auchomeke tena," anasema Mialisoa. "Lakini anakula, anavaa, na mama yake anatibiwa. Mimi nicheke nini?"

Kilichomweka mjini ni kazi ya kificho. Huku hakuna harusi bila hotuba, na msemaji wa harusi, mpikabary, ni lazima ajue kuzipanga methali na beti kama mwashi anavyopanga matofali. Wasemaji wengi ni wanaume wenye sauti nene na muda mfupi. Mialisoa amekuwa akiwaandikia. Anauza hotuba moja ariari elfu thelathini. Mwenye sauti nene anaisema na kulipwa mara tano ya hapo.

"Nimekaa kwenye harusi nikasikia watu wanalia kwa maneno yangu," anasema. "Halafu wanakwenda kumshika mkono mtu mwingine. Mimi nasubiri wali."

Sasa maji yamefika shingoni. Mama yake, Bi Bakoly, ambaye amewalea yeye na mdogo wake kwa kudarizi vitambaa vya meza, macho yamechoka na sindano haioni tena tundu. Kampuni ile ya simu imempa Mialisoa nafasi. Kazi inaanza Jumatatu, na basi la kwenda jiji kuu linaondoka kesho, Jumapili. Begi liko mlangoni tangu juzi.

Mama na binti wamewekeana ahadi. Hii ni harusi yake ya kwanza kusema mwenyewe. Iwapo kabla ya giza kuingia mtu yeyote atamwita akaseme harusi nyingine, atabaki. La sivyo, atapanda basi na mambo ya methali yaishie hapo.

Ndiyo maana chai haipiti.

Lango linafunguliwa. Ndani, sebule imejaa mpaka madirishani, na mbele kabisa ameketi Mzee Rafaralahy, msemaji wa upande wa bibi harusi. Ni mtu mwembamba mwenye kofia ya majani magotini, na jicho lake huona kosa kabla halijatoka kinywani. Kazi yake leo ni kuwachachafya wageni. Wakiteleza, anawatoza faini, na watu wanafurahi. Kwa wote waliomo, hotuba ndiyo shughuli yenyewe. Bahasha ya posa, ambayo bado inaitwa mkia wa kondoo ingawa kondoo mwenyewe haonekani siku hizi, inakuja baadaye.

Kabla msemaji hajasema lolote la maana, huomba radhi. Huomba kwa Mungu na kwa waliotangulia, kwa wazee, kwa waliomzidi umri, kwa wasiofika. Na bibi harusi au bwana harusi akiwa na dada mkubwa ambaye hajaolewa, huyo naye huombwa radhi kwa jina, kwa kuwa mdogo wake anamruka. Mialisoa ameandika radhi hizo mara nyingi kuliko alivyoandika jina lake.

Anaanza. Sauti inakwaruza kidogo, kisha inakaa sawa. Anaomba radhi kwa Mungu na waliotangulia. Anaomba radhi kwa wazee, na kwa sababu yeye ni mwanamke, anaomba radhi kwa kusimama mahali walipozoea kusimama wanaume. Anaona nyuso zimenuna pale mbele, anaogopa, anaomba tena. Anasema yeye ni kifaranga aliyejaribu kuwika. Watu wanatabasamu. Anaomba mara ya tatu, anavuta pumzi, anaingia kwenye habari iliyowaleta.

Mzee Rafaralahy anainua kofia yake.

"Simama hapo hapo, binti. Unasema vizuri, lakini umekanyaga pabaya." Watu wanacheka. "Nimehesabu. Umetuomba radhi mara tatu kwa kuwa mwanamke. Nani alikuuliza? Tumekuona ulipoingia! Lakini yule mwanamke uliyepaswa kumwomba radhi umempita kama jiwe la njiani."

Mialisoa anageuza macho kule anakoangalia mzee. Karibu na mlango wa jikoni amesimama mwanamke wa makamo ya miaka thelathini na kitu, sinia mkononi. Ni Lalaina, dada mkubwa wa bibi harusi. Hajaolewa.

Bwana Solofo anashika kichwa. Mtu wa nyuma anasema, "Si mlisema msomi?" na kicheko kinazunguka sebule nzima. Wahenga walisema heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi, na asubuhi hii hakuna anayelijua hilo kuliko Mialisoa.

Msemaji aliyenaswa hutakiwa kujinasua kwa beti. Mialisoa anazo beti, amezimeza tangu chuo, lakini anapozitafuta hakuna hata moja inayoitika. Mtoto mmoja anaulizia chakula.

Hatimaye anampa mgongo Mzee Rafaralahy, jambo ambalo msemaji hafanyi, na kumwelekea Lalaina.

"Dada, sina methali," anasema. "Mwaka jana mdogo wangu alioa, akaniruka. Msemaji aliomba radhi kwa kila mtu, hata kwa paa la nyumba. Mimi hakunitaja. Nilikuwa jikoni nachambua mchele, nikajifanya sikusikia. Hotuba ile niliiandika mimi mwenyewe. Nilijiruka kwa mkono wangu, kwa sababu niliona haya watu wageuke kunitazama. Kwa hiyo najua umesimama wapi. Leo nimekufanyia yaleyale. Nisamehe, dada Lalaina."

Hakuna anayecheka. Shangazi mmoja anajifuta macho kwa ncha ya shuka. Lalaina, ambaye kwa desturi si zamu yake kusema, analitua sinia.

"Mtozeni faini," anasema. "Halafu mwacheni aendelee."

Sebule inalipuka kwa vicheko na makofi. Mzee Rafaralahy mwenyewe anajipiga kofia gotini. Faini inalipwa, Mialisoa anaendelea, na safari hii beti zinakuja zenyewe moja baada ya nyingine. Mke anapatikana.

Ingekuwa hadithi ya kubuni, watu wangempigia foleni. Haikuwa hivyo. Bwana Solofo anamkabidhi malipo pungufu, akiwa ameshakata ile faini.

"Umesema vizuri, sikatai," anamwambia bila kumtazama. "Lakini mwanangu mwingine akioa, nitatafuta mtu asiyetutia presha."

Mzee Rafaralahy naye anamvuta pembeni. "Binti, uniandikie, mimi niseme. Kalamu yako ina mkono."

"Nimeshaandika vya kutosha, mzee. Nataka kusema."

"Basi nenda kaseme," anajibu mzee, na kwenda zake kula.

Jua linaanza kushuka nyuma ya mivinje. Mialisoa yuko jikoni, roho juu, akihesabu wageni wanaoondoka bila kumwita, Lalaina anapomjia na kifurushi cha jani la mgomba.

"Ndani kuna mkia wa kuku," anasema Lalaina. "Leo wamenipa mimi." Mkia ndio kipande cha heshima, hutengewa mkubwa, na mdogo haugusi. "Mpelekee mkubwa wa nyumba yenu. Na nikiolewa mimi, wewe ndiye utakayesema. Upande wangu, siyo wa bwana."

"Lini?"

"Nitajuaje? Hata huyo bwana simjui."

"Na asipokuja?"

"Utakuja hivyo hivyo, useme. Mimi nitapika."

Bi Bakoly anamngoja nyumbani, karibu na jiko la makaa, maji ya kunywa ya ukoko wa wali yakichemka. Begi bado liko mlangoni. Haulizi habari za harusi.

"Umepata nyingine?"

"Nimepata."

"Ya lini?"

Mialisoa anakaa chini. "Bado bwana hajapatikana, mama."

Bi Bakoly anakoroga maji. "Hiyo siyo kazi, mwanangu. Hiyo ni dua."

Ndipo Mialisoa anapomsimulia yote: mara tatu alizojiombea radhi, dada aliyerukwa, na hotuba ya mwaka jana. Anapofika hapo kwenye hotuba ya mwaka jana, mama anaacha kukoroga maji. Alikuwepo siku ile. Alisikia jina la bintiye halikutajwa, naye akanyamaza.

Mialisoa anasema anataka kuendelea. Redio haitoshi, anajua. Ana mpango wa kufundisha wasichana wa mtaani kusema hadharani, ada kidogo kila Jumamosi, na asubuhi zilizobaki atamtungia mama uzi kwenye sindano na kuuza vitambaa sokoni. Anasema hivyo haraka haraka, kama mtu anayeogopa kukatizwa. Anaogopa kweli. Akikosea, watalala njaa wawili.

Bi Bakoly anafungua jani la mgomba na kuutazama mkia wa kuku. Ni wake, ndiye mkubwa. Anauchukua na kuuweka kwenye sahani ya binti yake.

"Mama, huo ni wako."

"Kula. Nilikuwa na deni la mwaka jana."

Mialisoa anakula, machozi yakimchanganyia chumvi. Akimaliza anajipangusa vidole na kuitazama simu yake.

"Itabidi niwapigie wale wa kampuni. Sijui niwaombeje radhi."

"Si ndiyo kazi yako?" anasema Bi Bakoly, akilivuta begi ndani ili afunge mlango. "Anza na mkubwa wao. Na usimruke mtu."