Nilivyomwimbia Babu wa Liza

Mimi hata darasani sijibu swali, lakini Jumamosi nikajitia kimbelembele. Rafiki yangu Liza alinialika kwao Roseville, huku ughaibuni. Nikawakuta Wafilipino waliotoka mji mdogo wa pwani alikozaliwa mama yake kule Ufilipino, wanacheza karata, wanacheka, wanakula tambi. Mezani palikuwa na picha ya babu yake, maua na mshumaa. Nikasema moyoni, hii ni bethdei ya babu. Basi nikamwimbia, tena kwa sauti!

Karata zikatulia. Mama Liza akainuka, akaenda jikoni.

"We, nyamaza!" Liza akaninong'oneza. "Babu anazikwa leo kule kwao, na mama hakupata ruhusa kazini. Matanga yetu ni karata na vicheko, mfiwa asibaki na mawazo."

Jikoni kikaanza kilio ambacho Mama Liza alikibana wiki nzima.